DAAD, Commonwealth, MEXT au China: ipi ibebe utafiti wako wa kilimo na tabianchi?

Waombaji wengi hulinganisha skolashipu kwa posho ya mwezi. Kwa anayekwenda kusomea uhasibu, huenda hilo likatosha. Anayetafiti mvua, udongo, mbegu au wadudu ana swali zito zaidi la kujibu kwanza: data itatoka shamba gani, na nani atalipia safari ya kwenda kuichukua? Posho nzuri ya Japani haimsaidii mtu ambaye mtama wake umepandwa Kongwa, Dodoma, na mfadhili wake anasimamisha malipo akikaa nje ya nchi kwa muda mrefu.

Hapa tunazipanga bega kwa bega njia nne ambazo waombaji wa Afrika Mashariki hukutana nazo kila mwaka: DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti (hasa mpango wake wa EPOS, wa kozi zinazohusu maendeleo), Commonwealth ya Uingereza, MEXT, yaani ya wizara ya elimu ya Japani, na skolashipu ya Serikali ya China. Kila moja tunaiuliza maswali yale yale: nani anaruhusiwa, wanalipa nini na wanaacha nini, msimamizi anapatikanaje, kazi ya uwandani inawezekana kiasi gani, na maombi hukwamia wapi. Viwango vya pesa ni vya miaka ya karibuni na hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo tangazo la mwaka wako ndilo lenye kauli ya mwisho.

## Kwanza, pima utafiti wako

Kama kazi yako inahitaji majaribio ya shambani nyumbani, bosi wako halisi ni kalenda ya mvua. Pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya kuna misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Dodoma, Singida na Nyanda za Juu Kusini wana msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha karibu na Aprili.

Sasa chukua uzamivu wa miaka mitatu unaoanza Septemba. Desemba ya kwanza inakukuta na miezi mitatu tu chuoni, hujamaliza hata andiko la mpango wa utafiti. Unapanda Desemba ya pili, unavuna Mei au Juni. Unapanda tena Desemba ya tatu, unavuna Mei au Juni, na posho inakatika Septemba hiyo hiyo. Yaani misimu miwili, na wa pili unakuachia miezi mitatu au minne ya kuchambua na kuandika. Ukame ukipiga mmoja wapo, umebaki na msimu mmoja, wakati wahakiki wa majarida ya kilimo huomba angalau miwili. Wanaojua mtego huu huanza msimu wa kwanza kabla ya kuondoka, kwenye viwanja vya mwajiri wao, au huchagua kituo chenye majaribio ya muda mrefu ambayo data yake ipo tayari.

Kama kazi yako ni ya maabara (vinasaba vya mbegu, vimelea, kemia ya udongo), shamba si tatizo kubwa. Tatizo ni kusafirisha sampuli, na tutalirudia.

Na kama ni ya kompyuta, una uhuru mkubwa zaidi. Data ya mvua ya CHIRPS inaanzia 1981 kwa vipande vya kama kilomita 5, data ya hali ya hewa ya ERA5-Land ipo bure, na modeli za mazao kama DSSAT na APSIM zinaendeshwa popote penye umeme. Ila modeli haijisahihishi yenyewe. Utahitaji tarehe za kupanda, mavuno na vipimo vya udongo kutoka majaribio halisi, na hivyo omba kwa taasisi ya utafiti wa kilimo (TARI kwa Tanzania, KALRO kwa Kenya) au chuo chako kabla hujapanda ndege. Ukiwa nje, barua pepe ya kuomba data ya mtu mwingine hujibiwa taratibu sana, ikijibiwa.

## DAAD (EPOS), Ujerumani

Nani anaruhusiwa. EPOS ni ya watu walio kazini. Wanataka angalau miaka miwili ya kazi inayohusiana na fani, na shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita wakati wa kuomba. Masharti haya mawili yakikaa pamoja yanabana: aliyehitimu mwaka jana bado ni mbichi, na aliyehitimu miaka minane iliyopita amechelewa. Aliyekwisha kukaa Ujerumani zaidi ya miezi 15 naye kwa kawaida hakubaliwi. Watu wa Burundi na Kongo wanaweza kuomba sawa na wa Tanzania na Kenya.

Kozi nyingi za EPOS ni za uzamili unaoishia na tasnifu. Kwa kilimo, Chuo Kikuu cha Bonn kina kozi ya kilimo na rasilimali za nchi za joto inayojulikana kama ARTS, na TU Dresden ina misitu ya kitropiki. Nafasi za uzamivu ndani ya EPOS ni chache. Inayofahamika zaidi ni ya kituo cha ZEF hapo hapo Bonn, kinachochanganya uchumi, ikolojia na sayansi ya jamii. Anayetaka uzamivu kwenye chuo kingine chochote cha Ujerumani hutumia mlango mwingine wa DAAD, ule wa ruzuku za utafiti, ambao pia una njia ya usimamizi wa pamoja kati ya chuo cha nyumbani na cha Ujerumani.

Wanacholipa. Karibu euro 1,000 kwa mwezi kwa uzamili, na kati ya 1,300 na 1,400 kwa uzamivu. Zaidi ya hapo kuna bima, nauli, na kozi ya Kijerumani kabla ya masomo, ambayo huchukua kati ya miezi miwili na sita. Kwa masharti fulani kuna nyongeza ya kodi ya nyumba na ya familia inayoandamana nawe, jambo ambalo kwa mwenye watoto ni kubwa. Ruzuku ya vifaa na utafiti ni ndogo, euro mia kadhaa kwa mwaka. Haitalipa vibarua wa kupalilia.

Msimamizi. Kwa uzamili wa EPOS huhitaji kumtafuta mapema, unaomba kozi. Kwa ruzuku za utafiti lazima uwe na barua ya profesa anayekukubali.

Uwandani. ZEF imejengwa kwa ajili ya watu wa shamba. Mwanzo ni masomo ya Bonn, halafu kipindi kirefu cha kukusanya data, ambacho huweza kukaribia mwaka mzima, kisha unarudi kuandika. Kwa uzamili, tasnifu ni ya miezi sita hivi. Safari ya nyumbani inawezekana ikiwa imepangwa na profesa mwenye mradi, vinginevyo utafanya kazi na data iliyopo.

Maombi hukwamia wapi. Maombi ya EPOS hayapelekwi DAAD. Yanakwenda moja kwa moja kwenye kozi, na kila kozi ina tarehe yake, nyingi zikiwa kati ya Agosti na Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Ukiyatuma ofisi ya DAAD Nairobi umepoteza muda. Unaruhusiwa kuchagua hadi kozi tatu kwa mpangilio wa kipaumbele, na barua yako iwe moja kwa zote, inayoeleza kwa nini hizo na kwa nini kwa mpangilio huo. Wengi huandika barua tatu tofauti, kila moja ikiapa kwamba hiyo ndiyo chaguo la kwanza.

Kisha kuna barua ya mwajiri. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, na sahihi, muhuri na tarehe ya karibuni. Barua isiyo na muhuri huonekana kama uliiandika mwenyewe. Wakikupa na ahadi ya kukurudisha kazini ukimaliza, iambatishe, kwa sababu mpango huu unatafuta watu watakaorudi. Wasifu na barua ya maombi navyo vitiwe sahihi na tarehe kwa mkono.

## Commonwealth, Uingereza

Nani anaruhusiwa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi katika nchi hizo. Rwanda imo tangu 2009. Burundi na Kongo hazimo, na hakuna njia ya kuzunguka hilo. Skolashipu ya uzamivu mzima hulenga nchi maskini zaidi na zile zenye hali tete, na orodha hutolewa upya kila mwaka. Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, Kenya haimo, kwa hiyo Mkenya asome orodha ya mwaka husika kabla ya kuandika neno lolote. Kwa nchi za kipato cha chini na cha kati kwa jumla kuna uzamili, na kuna skolashipu ya kugawa muda, ambapo wewe ni mwanafunzi wa uzamivu wa chuo cha nyumbani na unakwenda Uingereza kwa hadi miezi 12. Shahada ya kwanza iwe angalau daraja la pili la juu, au la pili la chini likiambatana na shahada ya juu inayohusiana.

Wanacholipa. Ada yote, nauli, na posho iliyo kati ya pauni 1,300 na 1,500 kwa mwezi nje ya London, na zaidi kidogo kwa wa London. Zipo na posho ndogo za mavazi ya baridi na za safari za kitaaluma. Kuhusu familia, masharti ni makali, na nyongeza ya watoto hulenga zaidi mzazi anayelea peke yake. Wenye ndoa wapige hesabu ya kuishi mbali au kujilipia.

Msimamizi. Lazima. Kwa uzamivu, msimamizi wa Uingereza anaandika maelezo ya kukuunga mkono ndani ya maombi yenyewe. Hii ina maana ya kuanza mazungumzo naye Juni au Julai, kwa sababu Agosti maprofesa wa kule wako likizo na dirisha hufunguliwa karibu na Septemba na kufungwa Oktoba.

Uwandani. Mchango wa kazi ya uwandani kwa kawaida hauzidi nauli ya ndege ya kwenda na kurudi mara moja. Soma sentensi hiyo pamoja na ile hesabu ya misimu miwili. Safari ya pili, gari la kukodi, posho za wasaidizi na vipimo vya maabara vitoke mfuko mwingine: mradi wa msimamizi, mwajiri wako, au ruzuku ndogo za taasisi. Mwulize msimamizi wazi, kabla hajakubali, kama ana mradi wenye fedha za shamba. Si utovu wa adabu. Anayeogopa kuuliza hugundua mwaka wa pili.

Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko shambani, ile ya kugawa muda huwa na akili zaidi kuliko uzamivu mzima. Misimu unaipata yote nyumbani, na ile miezi 12 unaitumia kwa maabara au modeli ambazo chuo chako hakina. Wageningen ya Uholanzi nayo ina mpango wa namna hii unaoitwa sandwichi: kipindi cha mwanzo na cha mwisho Wageningen, katikati nyumbani, huku gharama za utafiti wa nyumbani zikitakiwa zitoke upande wako.

Maombi hukwamia wapi. Kwenye milango miwili. Maombi ya mtandaoni ya tume ya skolashipu za Commonwealth, iliyoko Uingereza, ni mlango mmoja, na mteuzi (wizara ya elimu, chuo au shirika lililoidhinishwa) ni wa pili. Mteuzi huweza kuwa na fomu yake na tarehe yake, na tarehe hiyo mara nyingi ni ya mapema zaidi. Aliyejaza mfumo wa Uingereza pekee hajateuliwa na mtu.

Pili, sehemu ya manufaa kwa maendeleo ya nchi. Ina uzito mkubwa katika upimaji, na ndiyo wanasayansi wengi huijaza kwa maneno ya jumla. "Utafiti huu utawasaidia wakulima" haipati alama. Andika nani atayatumia matokeo (mabwana shamba wa wilaya gani, kitengo gani cha wizara, mzalishaji gani wa mbegu), kwa njia gani, na utajuaje kwamba yametumika.

## MEXT, Japani

Nani anaruhusiwa. Aliye chini ya miaka 35 kwa tarehe inayotajwa kwenye tangazo. Uraia wa karibu nchi zote za ukanda huu unakubalika. Uzoefu wa kazi si sharti, kwa hiyo hii ni njia ya wahitimu wapya wenye alama nzuri.

Wanacholipa. Yeni 143,000 kwa mwezi ukiwa mwanafunzi wa utafiti, 144,000 ukiwa uzamili, 145,000 ukiwa uzamivu, na nyongeza ya elfu mbili au tatu kwa baadhi ya miji. Ada na nauli ziko juu yao. Familia haimo kabisa.

Msimamizi. Kwa njia ya ubalozi, mpangilio ni kinyume cha Uingereza. Unaomba ubalozini (mara nyingi Mei au Juni), unafanya mtihani wa Kiingereza na Kijapani na usaili, na ukifaulu unapewa cheti cha hatua ya kwanza. Hicho ndicho unachowatumia maprofesa ukiomba barua ya kukubaliwa kwa muda. Profesa anayepokea cheti hicho anajua pesa ipo, hivyo hujibu haraka kuliko anavyojibu barua ya mtu asiyemjua. Hata hivyo andiko lako liwe limelenga maabara fulani tangu mwanzo. Kituo cha utafiti wa ardhi kame cha Chuo Kikuu cha Tottori kinafaa kwa anayetafiti ukame na joto kwenye ngano au mtama. Hokkaido, Kyoto na Tsukuba nazo zina vitivo vikubwa vya kilimo.

Mtihani wa Kijapani usikuvunje moyo. Asiyejua lugha huufanya tu, huandika anachoweza, na Kiingereza na andiko ndivyo vinavyombeba.

Uwandani. Hapa ndipo penye mtego wa njia hii. Kila mwezi unasaini chuoni ili ulipwe, na ukiwa nje ya Japani kwa muda mrefu posho ya kipindi hicho husimama. Msimu mzima wa kilimo nyumbani ni miezi mitano au sita bila mapato. Utafiti wa chumba cha kuoteshea, maabara au modeli unakwenda vizuri sana Japani. Majaribio ya misimu miwili kwenye mashamba ya wakulima wa Singida hayaendi.

Maombi hukwamia wapi. Fomu ya mpango wa utafiti ina nafasi chache za kuandikia, na watu hubandika tasnifu yao ya zamani kwa herufi ndogo. Kosa la pili linatokea baada ya kufika: wengi huanza kama mwanafunzi wa utafiti, hadhi ambayo bado si uandikishwaji wa shahada. Ni lazima ufaulu mtihani wa kuingia wa chuo, kisha uombe kuongezewa muda wa ufadhili. Anayepumzika muhula wa kwanza akidhani ameshaingia uzamivu huumia.

## Serikali ya China

Nani anaruhusiwa. Chini ya miaka 35 kwa uzamili, chini ya 40 kwa uzamivu. Umri huo unawabeba wahadhiri wasaidizi na watafiti ambao Japani imeshawafungia mlango. Kuna njia mbili kuu: ya makubaliano ya nchi mbili, inayopitia ubalozi au wizara, na ya chuo chenyewe. (Usichanganyikiwe: kifupi CSC kinatumiwa na tume ya Commonwealth na baraza la skolashipu la China pia. Maombi hayana uhusiano wowote.)

Wanacholipa. Yuani 3,000 kwa mwezi uzamili, 3,500 uzamivu, malazi ya chuo au fidia yake, ada na bima. Nauli inategemea njia uliyopitia, na kwa njia ya chuo mara nyingi unajilipia. Posho inaonekana ndogo ukiibadilisha kwa shilingi, lakini kwa kuwa bweni halilipiwi na chakula cha kantini ni rahisi, mtu peke yake anaishi bila kubanwa.

Msimamizi. Barua ya profesa anayekukubali huongeza nafasi sana kwenye njia ya chuo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kilichopo Beijing kina uhusiano wa miaka mingi na Morogoro kupitia mradi wa mahindi wa Peapea, Kilosa, hivyo anayetafiti mahindi ya mkulima mdogo ana pa kuanzia mazungumzo. Northwest A&F ya Yangling ni ya kilimo cha nchi kavu. Vyuo vikuu vya kilimo vya Nanjing na Huazhong, pamoja na chuo cha uzamili cha akademia ya sayansi za kilimo ya China, navyo huchukua Waafrika wengi.

Uwandani. Maabara ni kubwa na vifaa vya matumizi kwa kawaida hutoka kwenye fedha za profesa. Data, kwa sababu hiyo hiyo, huwa ya profesa: mada yako itavutwa kuelekea mradi wake, na mashamba yatakuwa ya China. Vyuo vingi hudai makala kwenye majarida yanayotambulika kimataifa kabla ya kutoa shahada ya uzamivu. Uliza idadi na kiwango kwenye kitivo chako, kwa maandishi.

Jambo moja kwa watu wa tabianchi: huduma za Google zimefungwa China, ikiwa ni pamoja na Earth Engine (jukwaa la kuchambua picha za satelaiti) na Gmail. Kama uchambuzi wako wote umejengwa juu ya Earth Engine, pakua data na ujue kuiendesha kwa R au Python kwenye kompyuta ya maabara. Fungua na barua pepe nyingine isiyo ya Google kabla ya kuondoka, usije ukakosa ujumbe wa mwajiri na wa wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za kukupendekeza.

Maombi hukwamia wapi. Kwenye namba ya wakala. Kila chuo na kila ubalozi una namba yake kwenye mfumo, na ukikosea moja maombi yako yanatua kwa mtu asiyeyatarajia. Fomu ya uchunguzi wa afya ina mambo mengi (eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, damu) na matokeo hudumu miezi sita, kwa hiyo ukipima Novemba kwa masomo ya Septemba utapima tena. Picha kwenye fomu hiyo ipigwe muhuri wa hospitali, na pasiwe na kipengele kilichoachwa wazi. Vyeti vithibitishwe kisheria. Barua mbili za kukupendekeza ziwe za maprofesa au maprofesa washiriki, maana ya mhadhiri wa kawaida, hata akiwa ndiye anayekujua zaidi, inaweza kurudishwa.

## Udongo, vibali na ile barua pepe ya kwanza

Haya yanahusu njia zote nne. Japani imepiga marufuku kuingiza udongo bila kibali maalumu, na Uingereza na Umoja wa Ulaya nao wanataka leseni ya kisayansi kabla gramu moja haijavuka mpaka. Upande wetu, mimea na udongo vinahitaji nyaraka za mamlaka za afya ya mimea, TPHPA Tanzania au KEPHIS Kenya, na vinasaba vinahitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli. Mkoba wenye mifuko ishirini ya udongo usio na karatasi huishia kwenye tanuri la uwanja wa ndege, pamoja na msimu wako. Njia nyepesi ni kupima huku huku, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, TARI Mlingano au KALRO Kabete, na kwa wanaotaka kupima sampuli nyingi kwa mwanga, maabara ya ICRAF, kituo cha kilimo misitu, Nairobi. Unasafiri na faili la Excel tu.

Vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya au UNCST kwa Uganda. Ukiandikishwa chuo cha nje usidhani uraia wako unakuondolea utaratibu; uliza mapema, na uanze miezi kadhaa kabla ya mvua. Takwimu za kila siku za vituo vya hali ya hewa nazo huombwa kwa barua, na mara nyingi hulipiwa.

Barua kwa msimamizi iwe fupi, maneno 200 hivi. Kichwa cha habari kitaje mada, fani na skolashipu, kwa mfano: "Mwombaji wa uzamivu, Commonwealth: kuhifadhi maji kwenye mtama, Tanzania ya kati." Aya ya kwanza itaje makala yake moja na swali mahususi linalotokana nayo. Ya pili, ulichokifanya na zana unazozimudu. Ya tatu, data uliyonayo tayari na tarehe ya mwisho ya skolashipu. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na andiko la ukurasa mmoja. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo Tanzania" si mada, ni wizara. "Je, matuta yenye vizuizi vya kushika maji yanaongeza mavuno ya mtama Kongwa katika miaka ya mvua haba?" ni mada. Barua ile ile ikitumwa kwa maprofesa watano wa idara moja kwa mpigo, watajuana.

Vya mwisho ni wadhamini na viza. Mifumo mingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, na kikiangukia kwenye taka ya barua pepe maombi yako hubaki nusu. Mpigie simu siku tatu kabla. Kwa Uingereza, waombaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wa viza ndefu hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa.

## Ipi kwa nani

Uko kazini TARI, halmashauri au shirika, una miaka miwili mitatu ya kazi, una watoto, na unataka uzamili: anza na EPOS, na umwone mwajiri kuhusu ruhusa ya masomo na ile barua yenye muhuri kabla ya Julai.

Umehitimu karibuni, una alama za juu, hujafunga ndoa, na utafiti wako ni wa mimea kwenye chumba cha kuoteshea au wa modeli: MEXT inakufaa. China pia, hasa kama Mei ya ubalozi wa Japani imekupita.

Una miaka 37 na unataka maabara yenye vifaa, na hujali mada kubadilishwa kidogo: China. Ukijali, jadili mada kwa maandishi kabla ya kukubali barua.

Ni mhadhiri msaidizi, umeandikishwa uzamivu nyumbani au unaweza kuandikishwa, na mashamba yako ya majaribio yapo: ya kugawa muda ya Commonwealth, ile ya usimamizi wa pamoja ya DAAD, au sandwichi ya Wageningen. Uzamivu mzima wa nje utakunyang'anya misimu ambayo tayari unayo.

Una msimamizi Uingereza mwenye mradi hai Afrika Mashariki: uzamivu mzima wa Commonwealth, kwa masharti kwamba amekuandikia nani analipia safari ya pili.

Unatoka Bujumbura, Bukavu au Goma, vyeti vyako ni vya Kifaransa: DAAD, MEXT na China ziko wazi. Anza na tafsiri rasmi ya vyeti na mtihani wa Kiingereza, kwa sababu hivyo viwili ndivyo huchukua miezi.

Kuomba mbili au tatu kwa mwaka mmoja kunaruhusiwa, na kalenda zenyewe zinapishana: Japani Mei na Juni, Ujerumani Agosti hadi Oktoba, Uingereza Septemba na Oktoba, China mara nyingi Januari hadi Aprili. Andiko liwe moja la msingi, kisha lirekebishwe: kwa Uingereza sukuma mbele manufaa kwa nchi, kwa Ujerumani uhusiano na kazi unayofanya sasa, kwa Japani na China namna linavyoingia kwenye maabara unayoiomba.